Siku Vulamba Ilipopiga Pasi

Kama kuna kitu Kyakimwa alikichukia kuliko ukungu wa Butembo, ni kufuli la Ingénieur Zorobabel. Lilining'inia kwenye sanduku jekundu la chuma, ukutani katika nyumba ya mashine ya mtaa wa Vulamba, na ufunguo wake ulikuwa Beni, kilomita hamsini na zaidi, ndani ya mfuko wa suruali ya mwenyewe. Sandukuni mlikuwa na swichi moja tu, ile ya kukata umeme wa jua. Yaani fundi analipwa kulinda mashine, lakini breki imefungwa, na aliyeifunga amekwenda zake kula samaki Beni. Mtu akikusimulia jambo kama hilo njiani utadhani anakutania.

Umeme wa Vulamba haukuletwa na serikali wala na malaika. Watu wenyewe waliuzaa kwa salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, Jumamosi kwa Jumamosi, miaka mitano. Kila nyumba ilichimba kipande chake cha mfereji na kubeba mawe yake. Dynamo, ile mashine ya kuzalisha umeme, wanaume arobaini waliishusha hadi mtoni kwa kamba, na baba yake Kyakimwa, marehemu Jacob, alikuwa mbele. Kamba ikamponyoka mmoja wa nyuma, chuma kikamlalia Jacob kwenye nyonga, na tangu siku hiyo alitembea na fimbo mpaka walipomzika. Kwa hiyo binti yake alipojifunza ufundi na kupewa kazi ya kuilinda dynamo ile, hakujiona analinda mali ya kampuni. Ikiungua hakuna ya pili, na hakuna Jacob wa pili wa kuishusha.

Kampuni ilikuja baadaye na paneli zake mia nane, ikazitandaza mlimani palipokuwa na miti ya eucalyptus, ikaunganisha jua na maji. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na Kyakimwa alilipenda. Maji yakipungua kiangazi, jua linajazia. Jua likifichwa na ukungu wa asubuhi, maji yanashika zamu. Ila kuna sharti moja lisilo na mjadala: umeme unaozaliwa lazima uliwe saa ileile. Usipopata wa kuula, unaisukuma dynamo, nayo inakimbia kupita kasi yake hadi inajichoma. Kyakimwa alimwandikia Zorobabel, mkubwa wa kampuni, mara tatu aweke mapipa ya kuchemshia maji, ili umeme ukizidi uende kuchemsha maji badala ya kuua mashine. Mapipa manne yakaja kweli, yakaingizwa stoo na plastiki yake, na hapo Zorobabel akakataa yasifungwe.

"Kyakimwa, hapa ni Butembo," alimwambia. "Vinu vinazungukaka, ba-menuisier banakataka mbao, ba-soudeur banachomaka vyuma. Munande hapumzikake muchana. Nani atakosa kukula courant saa sita?"

"Siku ya ville morte," Kyakimwa akajibu.

Zorobabel akacheka. Zorobabel Muyisa, mtoto wa Vulamba, aliyekulia nyumba ya tatu kutoka kanisani, ambaye mama yake alimfungia ndani siku za ville morte, mji unapogoma na kufunga kila kitu, asije akapigwa jiwe, akacheka. Miaka kumi na miwili ya Kinshasa ilikuwa imemsafisha kichwa vizuri. Isitoshe, fundi aliyemtangulia Kyakimwa alikuwa akikata jua mara kwa mara, na courbe, ule mstari wa umeme kwenye kompyuta, ukawa na mashimo yasiyowapendeza wafadhili. Ndiyo maana bwana mkubwa alitia kufuli, akalegeza na ulinzi wa paneli ili zisijikate zenyewe, akapanda gari lake.

Ville morte ikatangazwa Jumapili moja jioni. Habari zilikuwa zimefika za watu waliouawa upande wa Eringeti, tena, na mji ukasema utafunga Jumatatu na Jumanne kuwalilia na kuwaonyesha wakubwa kwamba umechoka. Siku kama hiyo duka halifunguliwi, kinu hakizunguki, pikipiki haibebi mtu. Anayefungua mlango wa biashara, mawe ndiyo yanaufunga. Kyakimwa naye aliwalilia wale watu, maana mmoja wao alisoma naye. Lakini alipolala alikuwa anawaza saa sita ya kesho.

Jumatatu ukungu ulikaa hadi saa nne, kisha ukapasuka ghafla na jua likamwagika juu ya paneli zote mia nane. Mtaani kimya. Hakuna msumeno, hakuna kinu, hakuna hata redio ya kinyozi. Sindano ya kasi, ambayo kazi yake ni kukaa kwenye hamsini, ikaanza kupanda. Kyakimwa alikimbia akafunga mlango wa maji, akabakiza kidogo tu, na sindano ikashuka, ikapumua, halafu ikapanda tena. Ilipofika hamsini na mbili alipiga simu Beni. Zorobabel alipokea mara ya nne, na nyuma ya sauti yake vijiko vilikuwa vinagongana na sahani.

"Machine inajijua," alisema. "Usiguse kitu."

"Ingénieur, iko kwa cinquante-deux na inaendelea kupanda. Hapa hakuna mutu anatumika."

"Nimesema usiguse. Courbe nitaangalia kesho."

Akakata simu. Alikata simu, nakuambia, ile swichi ya jua haikukatwa, simu ndiyo ilikatwa.

Kyakimwa akachukua nyundo. Alipiga kufuli mara moja, mara mbili, na ya tatu kichwa cha nyundo kikang'oka kutoka kwenye mpini, kikaruka hadi dirishani. Kufuli likabaki na kovu tu. Alisimama pale na kipande cha mti mkononi, analia, na halikuwa chozi la huzuni bali la hasira tupu. Kuuzima mtaa mzima hakuweza, kwa sababu hivyo angeinyima dynamo hata zile taa chache zilizokuwa zinaula ule umeme, na ingebaki peke yake na jua. Kilichotakiwa ni walaji, tena wengi, tena sasa hivi.

Alipanda kilima mbio kwenda kwa Mama Rébecca, mwenye kinu kikubwa kuliko vyote vya Vulamba na kiongozi wa likirimba, kile chama cha akina mama wanaosaidiana kulima na kuzika. Kwenye kona alimkuta Luc, dereva wa pikipiki, kasimama na wenzake nyuma ya magogo waliyolaza barabarani.

"Dada Kyaki, leo hakuna kazi," Luc akamwambia. "Unakimbilia wapi?"

"Dynamo inakufa. Kuya na weye, utasikiliza mwenyewe."

Mama Rébecca alikuwa uani anakunja nguo. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Kinu hapana, mwanangu. Inasikilikaka mpaka kule ng'ambo. Batakichoma na miye ndani." Akatazama rundo la nguo mbele yake, nguo nyeusi na vitenge vya msiba wa Eringeti, akaongeza kama mtu anayejisemea, "Tena hizi nguo nilikuwa mu kuogopa kuzinyoosha. Hii pasi ya courant inakulaka unité kama mbuzi mu shamba."

"Mama, inakulaka ngapi?" Kyakimwa akauliza.

"Sana. Nikiiweka saa moya, compteur ku ukuta inalia ati unité zinaisha."

Kyakimwa akaketi chini palepale. Nyumba mia nne za Vulamba, na katika nyumba mbili huwezi kukosa pasi moja, kwa maana Mnande, mtu wa Butembo, hata akilala njaa haendi ibadani na nguo zenye mikunjo. Akamweleza: pasi zote zikiwashwa pamoja, zitaula umeme uliozidi. Luc ndiye aliyepinga.

"Kupiga pasi ni kazi," alisema. "Ville morte ni ville morte."

"Kesho kutwa tunaenda ku deuil," Mama Rébecca akamjibu bila kuinua macho. "Weye utaenda kulia bale bafu ba Eringeti na ile shati? Ville morte inakataza kuuzisha. Haikataze mutu kunyoosha nguo yake mu nyumba yake." Luc akalitazama shati lake. Akajisogeza pembeni, akampigia mke wake simu.

Mama Rébecca naye akashika yake, akawatumia akina mama wa likirimba sauti, na sauti ile hadi leo watu wanaitunza. "Bamama, ni miye Rébecca. Kila mutu aweke pasi kwa courant sasa hivi. Réchaud ya kupikia pia, na bouilloire ya chai. Kama nguo zimeisha, piga pasi rideau ya dirisha. Kama hauna rideau, piga pasi shuka, hata kama bwana yako analala ndani. Musiulize maulizo. Dynamo yetu inakufa."

Kyakimwa aliporudi mtoni sindano ilikuwa hamsini na nne na dynamo inapiga kelele ambayo hakuwahi kuisikia, kelele nyembamba, ya juu. Aliweka mkono juu ya chuma akaona kinachoma. Akangoja. Sindano ikatetemeka, ikashuka nusu. Halafu ikashuka tena. Kule juu, nyuma ya milango iliyofungwa, Vulamba ilikuwa inapiga pasi. Walipiga pasi mashuka, vitambaa vya meza, sare za shule, majoho ya waimbaji, na chupi za mtoto mchanga. Koko Emérence, bibi wa miaka themanini na kitu, alikuwa na kitambaa kimoja tu cha kufunika redio, akakinyoosha saa tatu nzima hadi kikawa rangi ya kahawia. Mtaani hapakuonekana mtu, ila harufu ya nguo moto ilitoka kila dirisha. Sindano ikashika hamsini na moja hadi saa tisa, wingu lilipokuja.

Jumanne wakarudia vilevile. Zile unité, ambazo mtu hununua kabla ya kuwasha, zilizotakiwa kuwafikisha mwisho wa mwezi ziliisha kwa siku mbili. Wiki iliyofuata nusu ya Vulamba ilipika kwa makaa na kukaa na mishumaa, chini ya nyaya zilezile walizoziokoa. Kyakimwa akaandika ripoti, kurasa tano, akaeleza kila kitu pamoja na nyundo. Zorobabel hakujibu. Alichoomba ni mchoro wa siku zile mbili tu, tena aliuomba kwa furaha, na ile furaha ndiyo iliyomtia Kyakimwa wasiwasi. Akaenda tena kwa Mama Rébecca, wakazungumza.

Baada ya wiki mbili kampuni ikaita mkutano kwenye ukumbi wa kanisa. Zorobabel alikuja na shati jeupe na Madame Elsa, mama mmoja mpole mwenye kalamu, aliyetumwa na ofisi ya wafadhili. Ukutani akawasha picha ya mstari unaopanda na kushuka. Akaweka kidole.

"Angalieni vizuri. Hii ni Lundi ya ville morte, saa sita. Munaona? Courant inakuliwa kupita hata siku ya soko. Kuna batu banasemaka ati ville morte itatuharibia réseau ya courant." Akatabasamu. "Machine inajijua. Donc tutaongeza paneli mara mbili. Na yale mapipa ine, kwa sababu hapa haina kazi, tutayapeleka Beni, ku maison de passage, bageni bapate maji moto."

Watu wakaguna. Hakuwa amemaliza. Alisema pia kwamba ameona alama za nyundo kwenye kufuli la kampuni, kwamba kwa sheria hiyo inaitwa sabotage, yaani hujuma, na kwamba mhusika atapata barua yake ya kuachishwa kazi mwisho wa mwezi. Jina hakulitaja, lakini vichwa vyote viligeuka kumtazama Kyakimwa.

Kyakimwa alihisi masikio yakiwaka. Mtu amekula samaki wake, amekata simu, watu wamechoma unité zao kumwokolea mtambo, na sasa jasho la Koko Emérence ndilo ushahidi wake. Aliyeinuka alikuwa Mama Rébecca. Alifungua kikapu, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitenge, akakiweka mezani karibu na kompyuta. Pasi. Nyuma yake akaja mwingine na yake, na mwingine. Zilipojaa mezani wakaziweka chini, miguuni pa shati jeupe. Koko Emérence alikuja wa mwisho, akaweka pasi yake na kile kitambaa cha kahawia juu yake.

"Ni nini hii?" Zorobabel akauliza.

"Ni ile machine inajijua," Mama Rébecca akamjibu.

Hapo hakuna aliyecheka. Mama Rébecca akasimulia siku zile mbili, saa kwa saa, na Madame Elsa akaandika. Mwisho Madame Elsa akamgeukia Zorobabel akamuuliza ufunguo wa sanduku uko wapi. Zorobabel akasema ufunguo una utaratibu wake, kwamba kutahitajika étude ya wataalamu, kwamba kubadilisha mpangilio ni lazima aandike barua juu. Alisema mengi. Kyakimwa akasimama.

"Ingénieur, asubuhi hii imetangazwa ville morte ingine, Lundi. Siye hatutapiga pasi. Unité zetu ziliisha. Weye utakuya na ufunguo yako, utaikala mbele ya sindano, na utaangalia machine ginsi inajijua."

Akakaa. Alikuwa ameweka rehani dynamo ya baba yake, na kila mtu ukumbini alilijua hilo.

Zorobabel alikuja Jumapili, kwa sababu Jumatatu barabara ingefungwa, na Madame Elsa alikuwa amemwambia angetaka kusoma ripoti ya siku hiyo. Alilala kwenye benchi la nyumba ya mashine kwa shati lake jeupe. Asubuhi ukungu, halafu saa nne ukapasuka kama kawaida yake. Kyakimwa alipunguza maji, akakaa kwenye kiti, akaweka mikono mapajani.

Hamsini na moja. "Itajishika," Zorobabel akasema.

Hamsini na mbili. Zorobabel akasimama. Simu ya Kyakimwa ikalia mara moja, ujumbe wa Mama Rébecca, ambaye na wenzake walikuwa wamenunua kwa siri unité kidogo za dharura: tuweke? Akaandika: bado. Hamsini na tatu, na ile kelele nyembamba ikaanza, na safari hii Kyakimwa alihisi inapita kwenye meno yake. Alimwona Jacob na fimbo yake anashuka njia ya mtoni kuja kuisikiliza mashine, kama alivyofanya kila Jumapili baada ya ibada. Alitamani kuandika: wekeni. Alikunja vidole.

"Ita bale bamama," Zorobabel akasema.

"Hapana."

"Kyakimwa, itaungua. Nakuomba, dada yangu, baite."

"Ufunguo iko mu mufuko yako."

Akautoa. Ufunguo ukagonga sanduku mara mbili kabla ya kuingia. Ukaingia, haukuzunguka. Akajaribu tena, akajaribu kwa mikono miwili. Pigo la nyundo la siku ile lilikuwa limekipinda kitu ndani. Zorobabel akageuka, uso umejaa jasho.

"Ni weye uliiharibu," akasema.

Kyakimwa aliliona, na lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Sindano ilikuwa hamsini na nne. Aliinuka, akachukua nyundo pembeni, ile ile, ila sasa ilikuwa na mpini mpya wa eucalyptus alioufunga mwenyewe kwa waya. Akamwekea mkononi.

"Piga."

Akapiga. Alipiga vibaya mwanzoni, kama mtu ambaye hajashika nyundo tangu utoto, na shati likamchomoka suruali. Pigo la tano likalikosa kufuli likampata kidole. Akalia kidogo, akaendelea. La tisa lilipasua chuma, kufuli likaanguka sakafuni, akafungua sanduku kwa mkono wenye damu akavuta swichi chini. Kelele ikashuka polepole, ikashuka, hadi ikabaki mngurumo wa kawaida wa maji na dynamo. Sindano ikarudi hamsini, ikatulia.

Zorobabel akaketi sakafuni. Kyakimwa alipapasa chuma cha dynamo, kilikuwa cha moto lakini kizima, akaacha mkono wake hapo kwa muda. Kisha akamwandikia Mama Rébecca kwamba imeisha, wapumzike. Akaokota kufuli, akaliweka juu ya daftari la ripoti, akalisukuma daftari na kalamu hadi mbele ya bwana mkubwa.

"Andika," akamwambia. "Andika tarehe, na saa, na ni nani alivunja kufuli ya kampuni. Ukimaliza, mapipa iko mu stoo, ba Luc banangojea kukusaidia kuyabeba mpaka hapa, tuyafunge."